Mgonjwa wa Figo, Linda Mkono Wako

Figo zikishindwa kabisa kufanya kazi, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa juma, saa 4 hivi kila mara. Lakini njia ya kupitishia damu ikiziba, hata mashine nzima haimsaidii.

Mashine huvuta robo lita ya damu au zaidi kila dakika. Vena za kawaida za mkononi haziwezi kutoa kiasi hicho. Kwa hiyo madaktari hutumia njia tatu.

Ya kwanza ni fistula. Hii siyo ile iwapatayo akina mama katika uzazi. Hapa daktari mpasuaji huunganisha ateri na vena mkononi, ili nguvu ya damu iipanue vena. Njia hii ilitangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966, na kwa wagonjwa wengi ingali bora, maana hudumu miaka mingi. Ila huchukua wiki 6 au zaidi kukomaa.

Ya pili ni mrija laini wa plastiki unaopandikizwa chini ya ngozi, kwa mgonjwa mwenye vena nyembamba. Huwa tayari baada ya wiki 2 au 3, lakini huziba na kuingiwa na vijidudu upesi kuliko fistula.

Ya tatu ni mpira unaoingizwa katika vena kubwa ya shingoni. Hutumika siku hiyohiyo, lakini ncha zake zikiwa nje, ni mlango wa vijidudu kuingia katika damu.

Ndugu mwenye fistula au mrija, zingatia haya:

1. Usikubali kupimwa presha, kutolewa damu wala kuwekewa dripu katika mkono huo. Mweleze mhudumu kwa heshima, bila woga.

2. Usiulalie, usiubebeshe ndoo, usivae saa inayobana.

3. Kila asubuhi uguse kwa vidole usikie mtetemo. Ukikoma, nenda hospitali siku hiyohiyo.

4. Ukiona usaha, uvimbe au homa ya kutetemeka, usingoje zamu yako.

5. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza hapo kwa kitambaa safi na uite msaada.

Nasi wa jumuiya ndogondogo, tukienda kumwona mgonjwa huyu, tusiishie kumpa pole. Tumchotee maji. Ndoo tunayombebea inaulinda mkono unaobeba uhai wake.