Magauni Mangapi Yanarudisha Gharama? Hesabu ya Fundi Anayejitegemea

Fundi cherehani wa Mgogoni, Pemba, asiye na mwajiri, aghalabu hufika mwisho wa mwezi akijiuliza fedha zilizopita mikononi mwake zimekwenda wapi. Jawabu huanza kwa kujua idadi ya nguo zinazorudisha gharama, yaani pale ambapo hapana faida wala hasara.

Tuchukue mfano, tarakimu ni za kufafanulia tu, na kila mmoja ataweka zake. Kwa mwezi fundi hulipa kodi ya chumba shilingi 40,000, umeme wa taa na pasi 15,000, na nauli za kufuata vifaa mjini Wete 15,000. Cherehani yake ya miguu ilinunuliwa kwa 360,000 na inatarajiwa kudumu miaka 3, basi huweka 10,000 kila mwezi kwa ajili ya nyingine. Jumla ni 80,000, hata asiposhona nguo moja. Mteja huja na kitambaa chake na kulipa 7,000 kwa gauni. Uzi, zipu na vifungo ni 2,000. Hubaki 5,000. Gawa 80,000 kwa 5,000: magauni 16.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwani hesabu hiyo imemlipa kila mtu isipokuwa fundi mwenyewe. Ajiandikie ujira, tuseme 200,000, kama anavyoandika kodi. Jumla huwa 280,000, na magauni 56. Gauni moja likichukua saa 4, hizo ni saa 224, takriban saa 9 kwa siku katika siku 26 za kazi. Inawezekana, kwa jasho. Lakini akimpunguzia jirani 1,000, na wateja wote wakapata habari (nazo kijijini hazikawii), hubaki 4,000 kwa gauni. Sasa atahitaji magauni 70, karibu saa 11 kwa siku.

Kazi nayo haiji sawasawa. Hujaa kabla ya Idd na wakati wa karafuu, kisha hupungua. Idd hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, ilhali karafuu hufuata mvua. Kwa hiyo ni bora kuhesabu kwa mwaka mzima, yaani magauni 672.

Hesabu hii ifanywe kabla ya kutia saini mkopo wa cherehani ya umeme. Rejesho la 50,000 kwa mwezi huongeza magauni 10 juu ya yale 56. Je, mashine itawezesha kushona 66 kwa saa zile zile, na wateja wa kuyashonesha wapo? Mkopeshaji aulizwe jumla ya fedha zitakazorudishwa, pamoja na ada zote, na ajibu kwa maandishi. Gauni lililochukuliwa kwa deni lisihesabiwe mpaka lilipwe. Tunashauri fundi apokee arbuni isiyopungua bei ya vifaa kabla ya kukata kitambaa.