Nani Kamuua Mwandishi wa Umbea?

Hivi umewahi kujiuliza watunzi wa riwaya za mapenzi wakikutana wenyewe kwa wenyewe inakuwaje? Elizabeth Peters alilijibu swali hilo mwaka 1984 katika riwaya yake Die for Love. Jibu lake lina maiti ndani yake.

Jacqueline Kirby ni mkutubi kutoka Nebraska, Marekani, mwenye mkoba mkubwa kama gunia na kiherehere kisichopimika. Kachoka na kazi. Anaamua kwenda New York kwenye mkutano wa watunzi wa mapenzi, na kwa ujanja wake anataka gharama za safari zipunguzwe kwenye kodi, eti naye ni mtunzi! Huko anafariki mwandishi wa safu ya umbea, yule anayejua siri za kila mtu. Wengine wanasema kifo cha kawaida. Jacqueline hakubali.

Hadithi za upelelezi za aina hii hazina damu ya kutisha. Mpelelezi si askari, ni mtu kama wewe, na washukiwa wanakunywa chai meza moja naye. Utamu wa hii ni kwamba washukiwa wanaishi kwa kuuza mapenzi. Tabasamu ni la kazi, majina mengine ni ya kubuni, na nyuma ya pazia watu wanagombania pesa. Katikati ya vurugu hizo Jacqueline naye anaanza kuandika riwaya yake ya mapenzi!

Mtunzi mwenyewe alikuwa na majina matatu. Jina lake halisi ni Barbara Mertz, aliyepata udaktari wa elimu ya Misri ya kale Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1952. "Elizabeth" na "Peter" ni majina ya watoto wake. Kwa jina la Barbara Michaels aliandika visa vya mapenzi na mizimu. Kwa hiyo anapowatania watunzi wa mapenzi, anatania nyumbani kwao, naye akiwa ndani.

Hapo ndipo kitabu hiki kilipoigusa ndoa yangu. Mimi ni mpenzi wa riwaya za mapenzi, mume wangu ni mtu wa upelelezi. Kwa miaka minne alikuwa akinitania mbele ya rafiki zake, "Mama Brian anasoma vitabu vya wasichana wa sekondari." Wanacheka, nami nacheka. Lakini jamani, inauma. Mtu akidharau unachokipenda, unaanza kukificha, na kesho unaficha kingine.

Die for Love alikichukua mwenyewe, baada ya kusikia kuna maiti. Alikimaliza usiku wa pili. Tukiwa mezani akauliza, bila kucheka, "Hivi kwa nini lazima mwishoni wapatane?" Nikamwambia kaa, nikueleze. Tuliongea hadi saa saba za usiku, chakula kikapoa.

Jacqueline ana vitabu vinne tu. Cha mwisho, Naked Once More cha mwaka 1989, kilishinda tuzo ya Agatha, na ndani yake yeye sasa ni mtunzi maarufu. Ninacho kabatini. Baba Brian anadhani hadithi imeishia pale New York, nami sijamwambia kitu. Kwanza amalize riwaya yangu moja ya mapenzi, kurasa zote.