Mzee akiondoka, duka litabaki?

KAMA wazazi wako wana duka, matatu au hoteli mtaani, bila shaka ushawahi kuambiwa, “Haya yote ni yenu.” Ni tamu kusikia. Lakini jiulize: mzee akiondoka leo, wafanyakazi watalipwa na nani mwisho wa mwezi? Namba ya Lipa na M-Pesa iko kwa jina la nani?

Angalia majina unayoyajua. Joram Kamau, aliyeanzisha Tuskys, alifariki 2002. Watoto wake waliikuza ikawa miongoni mwa supamaketi kubwa nchini, kisha wakapelekana kortini wakizozania pesa na uongozi. Kufikia 2020 rafu zilikuwa zikikauka, waliouza bidhaa wakidai pesa zao, matawi yakifungwa. Madeni ndiyo yaliyoimaliza, ila ndugu wanaopigana hawana wakati wa kukaa chini wapange madeni.

Naivas nayo ilianzishwa na Peter Mukuha, aliyefariki 2010. Usidhani huko kulikuwa shwari. Kesi ya ndugu ilifika kortini pia. Lakini mkurugenzi Simon Gashwe alipofariki 2019, ndugu yake David Kimani alishika usukani na kazi ikaendelea. Mwaka 2020 familia iliwauzia wawekezaji wa nje asilimia 30 ya hisa. Mgeni akiweka pesa zake, anataka kuona hesabu, na hesabu zikiwa wazi, hata ndugu hutulia. Leo Naivas ina matawi zaidi ya 100.

Duka lenu ni dogo? Mambo ni yale yale.

Kwanza, usajili. Biashara iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja kisheria ni mali yake binafsi, na akifa inaingia kwenye urithi. Kampuni haifi na mwenyewe. Hisa ndizo zinazorithiwa. Tangu sheria ya 2015, hata mtu mmoja anaweza kusajili kampuni yake.

Pili, tenganisheni mshahara na urithi. Wewe unayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi na dadako anayekuja Krismasi pekee nyote ni watoto wa mzee. Urithi mnaweza kugawana sawa. Kazi hamfanyi sawa. Ulipwe mshahara unaojulikana, na faida igawanywe kwa wenye hisa. Ukizoea kujilipa kwa kuchomoa noti kwenye droo, siku moja utaitwa mwizi, na hutakuwa na karatasi ya kujitetea.

Tatu, wosia. Mwenye mali akifariki, benki hufunga akaunti yake mpaka korti iidhinishe wasimamizi. Ukigusa mali kabla ya hapo ni kosa la jinai, hata kama wewe ndiye kifungua mimba. Wosia haukuondolei safari ya korti, lakini unapunguza mabishano.

Najua ugumu uko wapi. Nyumbani kwetu wengi, ukitaja wosia unaonekana unamwombea mzee kifo. Basi usianzie hapo. Anzia kwa vitabu: “Baba, nionyeshe nani anatudai na sisi tunamdai nani.” Mama akiwa ndiye mwenye duka, muulize yeye. Mzazi akikuona unaelewa hesabu, ni rahisi yeye mwenyewe kuanzisha ile stori nyingine.

Ianzisheni mkiwa bado mnakula meza moja. Kwenye matanga kila mtu atakuwa na wakili wake.