Mshua, Singeli Siyo Kelele

Oya wanangu, sogeeni. Na wewe wa earphone za Mtaa wa Kongo, sikiliza na hilo sikio linalofanya kazi. La pili najua lishakufa.

Mshua ana timu mbili: Yanga na Sikinde. Bendi ya Sikinde imeanza 1978, na kwake muziki ulikamilika mwaka huohuo. Mwambie wapinzani wao Msondo ndiyo baba ya muziki uone kama atakula usiku. Ngoma bila trampeti? Uhuni.

Miaka ya tisini ikatinga Bongo Flava. Wahuni tena! Kusema kweli, pamba zilikuwa aibu. Suruali mnaingia wawili, buti la baridi saa nane mchana, Dar, mwezi wa kwanza. Bro wangu akiona zile picha anakana kabisa. Kaseti zilitembea Kariakoo kinoma, msanii akabeba jina, mwenye duka akabeba mkwanja. Ila yule "muhuni" wa rap, Sugu, 2010 akawa mbunge wa Mbeya Mjini. 2015 Profesa Jay akachukua Mikumi. Mshua? Kimya. Alikuwa anatafuta rimoti.

Sasa singeli. Manzese, Tandale, Mburahati. Midundo mia mbili na ushee kwa dakika, ukija na skini jinzi inakuchanikia mbele ya demu. Washua wanasema kelele za vigodoro. Poa. 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa Sounds of Sisso, magoma ya studio ya Mburahati. Wana wa uswazi wakaanza kupigishwa shoo Ulaya. Mshua mwenyewe safari ndefu ni Chalinze, na alilalamikia nauli.

Tatizo letu ni gharama tu. Kaseti ulinunua mara moja, ukakesha nayo. Sisi bando linakata kwenye tangazo, ngoma haijaanza. Sabufa ndiyo usiseme: "original hiyo kaka", ukifika geto inalia kama debe.

Ila cheki, Bongo Flava leo kina bi mkubwa wanaikatikia kwenye kitchen party, wala hawaiiti uhuni. Singeli nayo ishaanza kuingia kumbi za harusi, na washua wanatikisa bega wakidhani hatuoni. Tunaona.

Kwa hiyo wikiendi cheza singeli yako bila kuomba radhi. Sabufa tu ndiyo uijaribu hapohapo dukani, hela ikiwa bado mfukoni.