Taya Linapovuka Tuta: Ulinganisho wa Mbinu za Tiba kwa Mikono

Swali linalostahili kujibiwa kwa kina ni la mtu aliyepiga mwayo mrefu, kinywa kikabaki wazi na kikakataa kufunga: je, taya lililotoka hurudishwa kwa mikono mitupu, na kwa mbinu ipi? Jibu la kwanza ni la kale sana, kwa kuwa mafunjo ya Misri yaitwayo Edwin Smith, yaliyonakiliwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, yanamwelekeza tabibu aweke vidole gumba ndani ya kinywa cha mgonjwa, vidole vingine chini ya kidevu, kisha alirudishe taya mahali pake. Madaktari wa leo bado hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Mtu akiweka ncha ya kidole mbele ya sikio lake na kufumbua kinywa polepole, atahisi kichwa cha taya, yaani ncha ya mfupa inayokutana na fuvu, kikizunguka kwanza mahali pake kama bawaba, kisha kikiteleza kwenda mbele kadiri kinywa kinavyozidi kufumbuka. Kati ya kichwa hicho na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri pamoja nacho, na mbele yake fuvu lina mwinuko wa mfupa ambao katika makala hii unaitwa tuta.

Mfano wa kichwa cha taya kinapovuka tuta hilo upo katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Mkokoteni uliosheheni marobota ya nguo ukivuka tuta, gurudumu hushuka upande wa pili na uzito wa mzigo hulibana pale pale, kiasi kwamba anayeuvuta nyuma kwa nguvu huishia kuligonga gurudumu kwenye ukingo wa tuta. Msukuma mkokoteni mzoefu hashindani na tuta. Huupunguzia uzito upande ule, hulinyanyua gurudumu kidogo, ndipo hulirudisha. Sasa mkokoteni huo na ugeuzwe juu chini: tuta linaning'inia kwenye fuvu, gurudumu lililo chini yake ni kichwa cha taya, na mzigo ni misuli ya kutafunia, ambayo kazi yake ni kuvuta taya kwenda juu. Taya likivuka tuta, misuli hiyo hukaza. Maumivu huizidishia mkazo, na mkazo huzidisha maumivu, hata kichwa cha taya kikafungwa mbele ya tuta na misuli ile ile inayojaribu kukifunga kinywa. Katika mkokoteni uliogeuzwa, kunyanyua gurudumu ni kukandamiza taya kwenda chini, na baada ya hapo tu ndipo kulisukuma nyuma huleta faida. Chini kwanza, nyuma baadaye.

Kabla ya kulinganisha mbinu, jina lenyewe linahitaji uangalifu. "Tiba ya mikono" huweza kueleweka kuwa ni matibabu ya mikono inayouma. "Uchuaji" na "ukandaji" hutaja misuli na kukiacha kiungo nje. "Tiba kwa mikono" ndilo jina linalofaa, kwa sababu neno dogo "kwa" linaonyesha kwamba mikono ni chombo cha kazi na haitibiwi yenyewe.

Mbinu ya kale, inayohusishwa na tabibu Mgiriki Hippocrates, huweka vidole gumba juu ya magego ya chini, hukandamiza, kisha husukuma nyuma. Ni ya moja kwa moja, lakini hudai nguvu nyingi, na kinywa kikifunga ghafla vidole huumwa. Mbinu ya kuzungusha viganja, iliyoelezwa mwaka 2004, huweka vidole gumba chini ya kidevu na vidole vingine juu ya magego, hivyo kidevu hupanda huku nyuma ya taya ikishuka, na nguvu inayohitajika hupungua. Mbinu iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 2014 humpa mgonjwa kazi hiyo: bomba la sindano lisilo na sindano huwekwa kati ya magego ya juu na ya chini, naye huling'ata taratibu na kuliviringisha mbele na nyuma. Kati ya wagonjwa 31, 30 walipona, wengi wao katika muda usiofika dakika moja.

Mbinu hizi zote hutumia eneo la magego, na nchini Tanzania jambo hilo lina uzito. Mtafiti Paulo Sarita na wenzake wa Uholanzi walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa Watanzania 725 waliopungukiwa na meno ya nyuma. Upungufu wenyewe haukuonekana kuchochea matatizo ya kiungo cha taya, ila pale meno ya nyuma ya upande mzima yalipokosekana, maumivu na milio ya kiungo vilielekea kuongezeka. Kwa taya linalolia au kuuma bila kutoka, uchuaji wa misuli na uvutaji mpole wa kiungo huambatanishwa na mazoezi, na manufaa yake yanaonekana ingawa ushahidi bado ni mchanga.

Ubora wa mbinu, basi, haupimwi kwa wingi wa nguvu. Hupimwa kwa namna inavyoishinda misuli bila kupigana nayo. Aliyetokwa na taya asivutwe na jirani wala asipigwe kidevu, kwani taya lililovunjika huweza kufanana na lililotoka. Afikishwe mapema hospitalini, na kutoka Kariakoo hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako kuna wataalamu wa upasuaji wa kinywa na taya, ni mwendo mfupi.