Istanbul: Mji wa vilima, maharage na maduka ya jumla

KWA mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo au Eastleigh, jina la Istanbul si geni. Magauni, suti za harusi, mapazia na nguo za watoto zenye alama ya Uturuki zimejaa madukani, na kila mwaka wapo wanaofunga safari kuzifuata zilikotoka. Wengine hurudi na faida. Wengine hurudi na picha nzuri tu, na deni.

Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi si bahati. Ni hesabu iliyofanywa, au isiyofanywa, kabla ya kupanda ndege. Leo tunautembelea mji huo kwa macho ya mtalii, kwa tumbo la msafiri na kwa daftari la mfanyabiashara.

Mji wa vilima saba

Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15 na imekaa katika mabara mawili, Ulaya na Asia, ikigawanywa na mlangobahari wa Bosphorus. Sehemu yake ya kale inasemekana ilijengwa juu ya vilima saba, na mgeni atauamini usemi huo miguu ikishaanza kuuma. Chukua viatu vya kutembelea, si vya kuonyesha.

Habari njema ni kwamba mgeni anaweza kufika karibu kila mahali muhimu kwa njia moja ya tramu, iitwayo T1. Inapita Sultanahmet penye vivutio, Beyazit lilipo Soko Kuu, Laleli penye maduka ya nguo za jumla, na Eminonu ufukweni penye viungo na samaki. Nunua kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart, iongezee fedha, nayo itakupandisha tramu, basi, treni ya chini ya ardhi na hata boti.

Siku ya kwanza anzia Sultanahmet. Hapo lipo jengo la Ayasofya, lililokamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likafanywa msikiti mwaka 1453, likawa makumbusho katika miaka ya 1930, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni wanalipa kiingilio na kupitishwa ghorofa ya juu. Ng'ambo ya bustani upo Msikiti wa Sultan Ahmet, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 17. Huo hauna kiingilio, ila watalii husubirishwa nyakati za swala. Akina mama wabebe mtandio.

Jioni panda boti ya abiria kutoka Eminonu hadi Uskudar au Kadikoy, upande wa Asia. Ni boti ya wafanyakazi na wanafunzi, nauli yake ni ya kawaida, na ndani ya nusu saa hivi utakuwa umevuka kutoka bara moja hadi jingine huku ukinywa chai.

Chakula kisichomaliza mtaji

Waislamu hawatapata taabu, kwani nyama katika migahawa mingi ni halali. Asubuhi watu hununua simit, mkate wa duara wenye ufuta, kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni. Ufukweni Eminonu utapata mkate uliojazwa samaki wa kuchoma, na juu ya Daraja la Galata utawaona wavuvi wa ndoano wamejipanga bega kwa bega.

Anayetaka kushiba kwa bei nafuu aulize migahawa iitwayo esnaf lokantasi, yaani mikahawa ya wafanyabiashara na mafundi. Vyakula vimepangwa kwenye masinia, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Na karibu na Msikiti wa Suleymaniye, uliojengwa na msanifu Sinan katika miaka ya 1550, kuna mikahawa iliyojipatia sifa kwa chakula ambacho msomaji wetu anakijua tangu utotoni: maharage na wali. Ukikumbuka nyumbani, nenda huko.

Wapi pa kununua, wapi pa kutazama

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Soko Kuu, lililoanza kujengwa muda mfupi baada ya mwaka 1453, lina maelfu ya maduka chini ya paa moja. Ni zuri kulitembelea, lakini bei zake nyingi ni za watalii. Nunua zawadi, na hapo upatane bei bila haya. Kumbuka hufungwa Jumapili.

Ukitoka hapo ukateremka mtaa wa Mahmutpasa kuelekea baharini, utaingia katika mkondo wa wenyeji wenyewe wakinunua nguo za bei nafuu. Chini kabisa, mitaa ya Tahtakale huuza vyombo vya nyumbani, mapambo na vifungashio kwa jumla na rejareja.

Kwa nguo za jumla, nenda Laleli, na kwa wenye mtaji zaidi, Merter na Osmanbey. Laleli ilikua hasa katika miaka ya 1990, baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, wafanyabiashara wa Urusi na nchi jirani walipofurika na masanduku yao. Bei hutajwa kwa dola. Maduka mengi hayauzi gauni moja: huuza fungu lenye saizi mbalimbali za mtindo mmoja. Uliza mapema fungu lina saizi zipi, maana saizi zisizotoka ndizo zitakazokaa dukani kwako mwaka mzima.

Usitegemee bei alizokusimulia jirani aliyekwenda zamani. Mwaka 2010 dola moja ilikuwa chini ya lira mbili. Mwaka 2025 ilivuka lira 40. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 85 kwa takwimu rasmi. Mishahara na kodi za viwanda zimepanda pia, na ule urahisi uliowavuta wengi umepungua.

Gauni la dola 12

Tufanye hesabu ya mfano. Umenunua magauni 300 kwa dola 12 kila moja, jumla dola 3,600. Tiketi, viza, hoteli na chakula vimekula dola 1,400. Msafirishaji mizigo anatoza wastani wa dola mbili kwa gauni.

Likifika nyumbani, gauni lina thamani ya dola 14 pamoja na usafiri. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki una daraja la asilimia 35, na nguo zimo. Hiyo ni dola 4.90. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, kwa Tanzania asilimia 18, juu ya dola 18.90: ni dola 3.40. Gauni sasa ni dola 22.30. Ukigawa gharama za safari kwa magauni 300, kila moja linabeba dola 4.67 zaidi.

Gauni la dola 12 limekuwa la dola 27 kabla ya kodi ya pango, mshahara wa msaidizi na tozo nyingine ndogo. Jumla unahitaji takriban dola 8,100. Aliyeondoka na dola 5,000 akazimaliza zote Laleli atakuta mzigo wake umekwama, gharama za ghala zinahesabiwa kila siku, na riba ya mkopo haisubiri.

Viwango vya ushuru hubadilika kwa bajeti na nchi huweza kupewa ruhusa ya kutoza tofauti, hivyo waulize TRA au KRA kabla ya safari, si baada. Msafirishaji naye muulize swali moja la wazi: bei yako kwa kilo inaishia bandarini au inaingiza ushuru? Taka jibu kwa maandishi, pamoja na ankara halali ya duka.

Zipo njia za kupunguza mzigo huo. Magauni 600 badala ya 300 yangeshusha gharama ya safari hadi dola 2.33 kwa kila moja. Wenye mtaji mdogo wanaweza kuungana, mmoja akawasafiria wenzake. Na ukishapata duka linaloaminika, chukua kadi na namba ya simu. Safari ya pili huenda isihitajike.

Somo kwa mkulima

Mkulima naye asidhani safari hii haimhusu. Katika Soko la Viungo, Eminonu, lililojengwa katika miaka ya 1660, angalia namna mazao yanavyouzwa. Aprikoti zilizokaushwa hazikuandikwa aprikoti tu: zimeandikwa Malatya, mkoa zilikotoka. Tini zinatajwa Aydin, chai inatajwa Rize. Zimepangwa kwa ukubwa na daraja, na kila daraja lina bei yake. Jina la kijijini limekuwa sehemu ya thamani.

Tazama pia findik, karanga za miti zinazolimwa kwenye miteremko ya Bahari Nyeusi. Uturuki huzalisha takriban theluthi mbili za karanga hizo duniani, mara nyingi katika mashamba madogo ya familia. Sokoni utazikuta zimebanguliwa, zimekaangwa, zimesagwa, zimetiwa katika halua na chokoleti.

Linganisha na korosho za Mtwara na Lindi, ambazo sehemu kubwa bado husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, kubanguliwa huko na kuuzwa upya kwa bei nyingine. Anayekausha maembe Mkuranga au kufungasha iliki Muheza hahitaji kiwanda kikubwa ili kuanza kupanga madaraja na kuandika jina la mahali kwenye pakiti.

Kabla hujaondoka

Viza ulizia ubalozi wa Uturuki mapema, Dar es Salaam au Nairobi. Epuka kusafiri wakati wa sikukuu za Idi, kwani masoko hufungwa. Usibebe fedha zote mfuko mmoja. Mng'arisha viatu akidondosha brashi mbele yako, endelea na safari yako. Ukimwokotea atang'ang'ania kukupiga viatu rangi, kisha akudai malipo makubwa.

Mwisho, fanya hesabu ya gauni lako ukiwa bado nyumbani. Kama mteja wako hawezi kulipa zaidi ya bei uliyoipata, nenda Istanbul kutembea na kula maharage, lakini mtaji uache benki.