Mchanga Usafishao Chuma na Kuharibu Mapafu

Yeyote aliyepata kupaka rangi juu ya kutu amekwisha kuona matokeo yake. Rangi hung'aa majuma machache, kisha huvimba na kubanduka, na chini yake kutu huonekana imeenea kuliko hapo mwanzo. Sisi tulio jeshini, ambao magari yetu hulala nje mvuani na juani, twajua vema kwamba maisha ya rangi hutegemea zaidi kazi ifanywayo kabla kopo halijafunguliwa. Msasa na brashi ya waya husaidia, lakini haviingii katika vishimo vidogo ambamo kutu hujificha. Ndiyo sababu viwandani na katika viwanja vya kujengea meli chuma husafishwa kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu za hewa.

Aliyebuni njia hiyo alikuwa askari. Benjamin Chew Tilghman, mzaliwa wa Philadelphia, alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akajeruhiwa Chancellorsville mwaka 1863, kisha akawa kamanda wa rejimenti ya 3 ya askari weusi wa jeshi la Muungano. Vita vilipokwisha alirudia uvumbuzi wake, na mwaka 1870 alipewa hataza ya kukata na kuchora mawe, metali na kioo kwa mchanga unaosukumwa kwa nguvu. Mtu huyo huyo alikuwa amekwisha kuvumbua njia ya kulainisha mbao kwa dawa za salfa ili kufanya karatasi. Hivyo hata msomaji wa gazeti ana sababu ya kumkumbuka.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kompresa husukuma hewa yenye shinikizo la kadiri ya pauni 100 kwa kila inchi ya mraba. Hewa hiyo huchukua mchanga kutoka katika tangi, ikaupitisha katika bomba la mpira, na kuutoa kwa kasi kubwa kupitia mdomo mwembamba wa madini magumu. Kila punje huondoa kutu kidogo na kuacha kikwaruzo. Mikwaruzo hiyo, ambayo kina chake mara nyingi ni sehemu 50 hadi 75 za elfu ya milimita, ndiyo inayoishika rangi. Mafundi hupima usafi kwa kulinganisha chuma na picha za viwango vya kimataifa, kuanzia Sa 1 hadi Sa 3. Kazi nyingi kubwa hudai Sa 2½, yaani kubaki madoa hafifu tu. Baada ya hapo hakuna kungoja: chuma kitupu hupata kutu upesi, na ni desturi kutopaka rangi mpaka joto la chuma lizidi kiwango cha kufanyika umande kwa nyuzi 3 za sentigredi au zaidi.

Lakini si mchanga peke yake unaoweza kurushwa. Chembe za chuma zenye ncha hukwaruza, na zile za mviringo hugongagonga. Shanga ndogo za kioo husafisha vipuri bila kuvipunguza sana. Hata magunzi ya mahindi yaliyosagwa na maganda ya jozi hutumika mahali palipo laini. Sanamu ya Uhuru ya New York ilipokarabatiwa katika miaka ya 1980, lami iliyokuwa imepakwa upande wa ndani iliondolewa kwa unga wa soda, ule wa kuumulia mikate, kwa kuwa shaba ya sanamu hiyo ina unene wa milimita 2.4 hivi tu na mchanga ungeila.

Kwa nini basi twasisitiza uchaguzi huu? Mchanga wa kawaida kwa sehemu kubwa ni silika. Punje inapogonga chuma huvunjika na kuwa vumbi, na vumbi la hatari zaidi ni lile lisiloonekana kwa macho. Hilo hufika ndani kabisa ya mapafu, likayatia makovu ambayo hayaponi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao humfungulia mlango kifua kikuu. Kwa mrusha mchanga asiyekingwa hauhitaji miaka ishirini. Huweza kumpata katika muda wa miaka michache, na pengine miezi.

Jambo hili si siri. Uingereza ilitunga kanuni za kukataza mchanga wa silika katika kazi hiyo mwaka 1949. Mwaka 1974 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini ilishauri nchi hiyo ifanye vivyo hivyo, lakini ushauri haukugeuzwa kuwa sheria. Kisha likaja jambo la kusikitisha zaidi. Nchini Uturuki, vijana waliotoka vijijini, wengine wangali watoto, waliajiriwa katika karakana ndogo za Istanbul kurushia mchanga suruali mpya za jinzi ili zionekane zimechakaa. Vyumba vilifungwa, na kinga ilikuwa kitambaa au barakoa nyepesi. Madaktari walipoanza kuwapima katika miaka ya 2000 walikuta mapafu ya vijana wenye umri wa miaka ishirini na kitu yamekwisha haribika. Serikali ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009, na waliokwisha kuugua wakabaki na ugonjwa wao.

Husemwa kwamba mchanga ni rahisi. Ni rahisi kwenye lori tu: hutumika mara moja ukatupwa, hali chembe za chuma hukusanywa na kurushwa tena mara nyingi sana. Kwa kazi za nje yako mawe ya garneti na makapi ya viwanda vya shaba, ingawa vumbi la vitu hivyo nalo halifai kuvutwa. Kumwagia mchanga maji hupunguza vumbi bila kulimaliza.

Mwenye kushika bomba hana budi kuvaa kofia maalumu ifunikayo kichwa na mabega, inayoletewa hewa safi kwa mpira wake. Hewa hiyo ivutwe mbali na moshi wa injini, maana gesi ya moshi huua upesi kuliko vumbi. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Naye kibarua anayekuja jioni na fagio kuuzoa mchanga uliotumika, ambaye mara nyingi hapewi hata hiyo leso, hufagia vumbi lile lile.